Tangi Lililosalimia Mpaka Maziwa Yakaganda

Wenceslas Nzabonimpa! Mwana wa Sano, aliyenyoosha baiskeli zote za Mbugangari kwa nyundo moja! Mjukuu wa Nyirahabimana, aliyevuka mpaka na kitanda kichwani, askari wakampigia saluti wakidhani anabeba jeneza la mkubwa! Yeye mwenyewe ndiye aliyefungua simu ya padri, akaifunga, zikabaki skrubu tatu mezani na simu ikawa inapiga muziki wa Goma katikati ya misa. Ndiye aliyekaa Kigali miezi minne tu, akarudi na miwani, kompyuta, na shingo isiyogeuka upande wa watu wa kawaida.

Mtu huyo ndiye aliyepewa kazi na koperative ya akina mama wa maziwa: kuliandikia programu tangi lao la kupozea. Moteri ikisimama, mfuniko ukiachwa wazi, maji yakikatika, tangi liseme lenyewe kwenye kioo chake kidogo.

"Nimeandika kwa Rust," alitangaza. "Ni lugha ya ndani kabisa ya mashine. Haisamehe kosa hata dogo!"

"Kama mama mukwe yangu," akasema Belise, karani wa koperative.

Siku ya kwanza, Mama Cansilde, rais wa koperative, aliacha mfuniko wazi. Kioo kikaandika: KOSA. MUFUNIKO WAZI.

Yesu wangu! Mama Cansilde, ambaye hata askari wa barrière ya mpakani humwamkia kwanza, alirudi nyuma hatua mbili.

"Kosa? Mi ndiye nakosa? Hii kitu ilizaliwa juzi, haijanisalimia, inaniambia makosa! We Wenceslas, iko na wazazi hii?"

"Mama, ni erreur tu..."

"Erreur ni wewe! Kwetu habari mbaya haiingie mu nyumba mbele ya salamu. Hata mutu akikuja kusema bwana yako amekufa, anakaa kwanza, anauliza ngombe!"

Sasa, makosa ya kutangazwa ndani ya programu yalikuwa arobaini na moja. Mtu wa akili ya kawaida angepita akiyarekebisha moja moja. Wenceslas alicheka cheko la mtu aliyeona lifti.

"Makro, Mama! Makro ni kama muhuri. Naandika adabu mara moja, halafu naigonga pahali pote arobaini na moja, mashine inajijazia yenyewe. Watu wengine wanaandika, sisi tunagonga!"

Akagonga. Adabu yake ilianza na amani, ikauliza watoto, ikauliza ng'ombe, ikazunguka kwenye mvua, ikamtaja fundi na ukoo wake. Kosa lenyewe lilikaa mwisho kabisa, kama ndugu maskini kwenye harusi. Kwenye kompyuta yake, pana kama sinia, ilisomeka tamu hata akaifuta miwani kwa machozi.

Jambo moja tu hakuuliza: kioo cha tangi kina nafasi ya herufi ngapi. Kilikuwa na thelathini na mbili. Hata nukta ya ziada hakuna!

Kesho yake akina mama wa koperative kutoka Kanama walijaza tangi: maziwa ya jana jioni na ya alfajiri, lita mia nne. Wateja wa Goma wangengoja Petite Barrière saa nane, na walishaapa: wakikosa mara hii, wanahamia kwa muuzaji mwingine.

Saa mbili Mama Cansilde akapita. Kioo kikawaka: *Amahoro mama mupendwa, habari ya*

"Oh! Ni muzuri, mwana wangu! Habari ya nini? Ya nyumba? Nyumba iko bien!"

Saa tatu kikamwambia Belise vilevile. "Mi si mama, niko mademoiselle," akakijibu, lakini akacheka. Saa nne akina mama walikuwa foleni wakingoja kusalimiwa. Mmoja alileta mjukuu. Wenceslas aliegemea ukuta, mikono kifuani, kama mtu aliyejenga kanisa peke yake.

"Munaona? Tangu asubuhi, hata kosa moja!"

"Lakini iko kimya," akasema Belise. "Jana ilikuwa inanguruma."

"Mutu wa adabu hangurumi, Belise."

Saa saba wabebaji wakafika na bidon zao. Mama Cansilde akafungua bomba. Hakikutoka kitu. Kisha kikachungulia kitu, kikafikiri, kikajiangusha ndani ya ndoo: pwaa!

"Wenceslas."

"Karame, Mama."

"Maziwa gani hii inatoka na miguu?"

Wenceslas akaunganisha kompyuta. Belise akasoma kwa sauti, mbele ya wanawake arobaini.

"'Amahoro mama mupendwa, habari ya nyumba? Watoto wameamuka? Ngombe wanakula? Mvua nayo, imewafikia? Ni mi mashine ya Ingénieur Wenceslas Nzabonimpa, mwana wa Sano...'"

"Ruka hiyo," Wenceslas akanong'ona.

"Hapana! Asome yote," akasema Mama Cansilde.

"'...mujukuu wa Nyirahabimana. Bon, kwa masikitiko makubwa: moteri imesimama tangu saa moja.'"

Watu wote wakanyamaza. Moteri ilikuwa imewatangulia.

"Mama, si neno!" Wenceslas aliruka. "Nikibadilisha makro, mustari moja tu, makosa yote arobaini na moja yananyooka sasa hivi!"

"Na maziwa? Makro yako iko na mustari ya kunyoosha maziwa?"

Haikuwa nayo. Mama Cansilde akampeleka mwenyewe hadi Petite Barrière, bidon ya maziwa yaliyoganda kichwani, miwani ikiteleza puani, akaombe msamaha mbele ya Goma nzima. Wateja walicheka mpaka wakakaa chini. Wakakubali kungoja mpaka kesho. Kesho tu!

Aliporudi, Wenceslas akafuta ule mstari wa salamu. Akaiandika makro upya, kavu kama mfupa. Akaijaribu mara tisa. Halafu akatazama tangi, akatazama akina mama waliokuwa wanamtazama. Akatoka hadi langoni kwa Mzee Valens, mlinzi, ambaye hajawahi kugusa kompyuta ila masikio yake yanasikia kuku akiwaza, akamkabidhi firimbi kwa mikono miwili.

"Muzee, kaa karibu na moteri. Ikinyamaza, piga hii. Usisalimie mutu, usiulize ngombe, na tafazali, jina yangu usitaje. Piga tu!"