Gemu ya Wafungwa na Dawa ya Kuvuta Watu

Jumatatu, 3 Juni 2024

Zimebaki siku kumi na moja! Ijumaa ya tarehe 14 natoka. Theluthi ya kifungo nimesamehewa kwa tabia njema. Tabia njema, mimi Athanas wa Segese! Kaka yangu Masele akisikia atabisha.

Ni huyo huyo Masele aliyenileta hapa. Nilichukua viroba sita vya mawe kwenye duara lake, shimo la kuchimbia dhahabu, nikavipeleka karasha nikijua nimeukata. Karasha ikasaga mpaka jioni, likatoka vumbi. Kumbe mawe yenyewe yalitengwa kwa ajili ya kufukia shimo la choo. Hakimu akasema wizi ni wizi. Miezi minane nimekaa ndani kwa kuiba kifusi.

Sasa jambo lenyewe. Jumamosi tarehe 15, siku moja baada ya kutoka, wakwe wanakuja kutoka Kagongwa kumtolea mahari binti yangu Martina. Nisipokuwepo, kwenye kiti cha baba atakaa Masele. Sitakubali! Kipaimara cha Martina nilikikosa, nilikuwa chini ya ardhi nachimba. Mahafali yake ya kidato cha nne nikayakosa, nilikuwa nawakimbia polisi. Hili sikosi. Kazi yangu ni moja tu, kukaa kimya siku kumi na moja.

Jioni. Mkuu wa gereza, Afande Mwita, ametupanga mstari. Anasema kuna mfadhili wa mjini anataka kutupa televisheni na gemu, ile ya mpira inayochezwa kwa pedi. Wakubwa wa mkoani wanajiuliza kama wafungwa wanastahili burudani ya namna hiyo. Jumatano ya wiki ijayo watakuja kutusikiliza. Atasema mtu wa kukubali, atasema mtu wa kukataa, kisha kila mfungwa atakwenda kusimama upande alioupenda. Akauliza nani atasemea upande wa kukubali.

Mkono wangu ulipanda wenyewe.

Jumanne, 4 Juni

Upande wa kukataa ameuchukua Donatus! Huyu ndiye nyapara wetu. Ana mwaka wa kumi na moja humu, aliua mtu bila kukusudia, ugomvi wa mpaka wa shamba. Nje alikuwa manju wa ngoma, tena wa Bagalu. Mimi ni Bagika.

Basi imekwisha. Mwezi kama huu, pamba ikishaanza kuvunwa, Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vya kwetu, hucheza uwanja mmoja, wakati mmoja, na hakuna jaji. Anayevuta watazamaji wengi ndiye mshindi. Watu wakihamia kwa mwenzako, fungasha ngoma zako uende nyumbani. Afande Mwita ni mtu wa Tarime, hajui kwamba ametutangazia mashindano ya ngoma. Mimi na Donatus tulitazamana tu, tukajua.

Hoja zake ameanza kuzimwaga leo leo shambani, tukivuna pamba. Anasema jela ikinoga, watu watakoseana huko nje bila hofu. Anasema mjane wa yule marehemu hana hata redio. Sasa yeye aliyemfanya mjane aketi hapa afunge magoli? Watu wakaitikia kwa vichwa. Na mimi nikaitikia, bahati mbaya, maana ndiye niliyetakiwa kujibu.

Jibu nimelipata saa mbili baadaye, nikiwa chooni. Naliandika lisipotee. Hakimu alisema nifungwe, hakusema nioze akili. Mtu asiye na la kufanya Jumapili nzima hukaa anapanga maovu. Ushahidi ni mimi mwenyewe.

Alhamisi, 6 Juni

Kampeni imepamba moto. Jana na leo nimewaahidi watu kumi na wanne kwamba watakuwa wa kwanza kushika pedi. Kila mmoja kwa siri. Siri imedumu mpaka saa ya ugali. Walikaa pamoja, wakaanza kunisifu, mmoja baada ya mwingine, na hapo ndipo kila kitu kilipoharibika. Wote kumi na wanne wako kwa Donatus. Mmoja amenimwagia maharage.

Nimehesabu waliobaki kwangu. Sita, pamoja na babu mmoja mwenye goti bovu ambaye hataweza kuhamia upande wa pili.

Sikati tamaa.

Jumapili, 9 Juni

Siku ya wageni. Mke wangu Nyamizi ameniletea sabuni na barua ya Martina. Barua ina mistari miwili. Shikamoo baba. Usifanye kitu chochote, toka tu. Nimeisoma mara nne. Nimelia kidogo, nikasingizia vumbi la pamba. Nikamwambia Nyamizi amfikishie mtoto kwamba nimeapa.

Masele naye kaja! Tena kavaa suti. Jua la Shinyanga hili, suti ya vipande vitatu. Anasema ni ya kuwapokelea wakwe ikibidi, sasa hivi anaizoeazoea. Nilimwamkia shikamoo, imenitoka kwa shida. Aliposikia habari ya gemu alipandisha sauti mpaka wageni wa wenzangu wakageuka. Alisema alinishtaki ili nikae nifikiri, si ili nikae nicheze. Yeye aliyeibiwa anaamka alfajiri kwenda kuchimba, na mwizi wake anafunga magoli kwa umeme wa serikali! Gemu ikiingia, anataka arudishiwe mawe yake. Nikamkumbusha kwamba mawe yake yalishasagwa. Afande wa zamu akatutenganisha.

Walipoondoka niliketi na ile barua. Usifanye kitu chochote. Ni ombi la mtoto, na nimeamua kulitii. Sitafanya kitu chochote isipokuwa kushinda Jumatano.

Jumatatu, 10 Juni

Vifaa vimefika, vimefungwa bwaloni. Afande Mwita akasema sisi wasemaji wawili tujaribu kwanza, tujue tunachokizungumzia. Nikajitapa kwamba kule Segese mimi na banda la gemu ni damu damu. Kweli, nilipanga chumba cha jirani.

Donatus aliishika pedi kwa ncha za vidole, anasema anaikagua tu. Akanifunga manne! Goli la nne akacheka kwa sauti, na sijawahi kumsikia akicheka. Halafu ghafla akaiweka mezani, akafuta mikono kwenye suruali, akatoka. Nilimwona amesimama nyuma ya jiko, kainamisha kichwa, mabega yanatikisika. Bila shaka alikuwa ananicheka kando. Mshenzi.

Watu wanasema mtetezi wa gemu hajui gemu. Wangu wamebaki watatu.

Jumanne, 11 Juni

Nimekwenda kwa Makoye. Makoye anatunza mizinga ya nyuki ya gereza, na zamani alikuwa mbeba vifaa wa kikundi cha ngoma. Anaijua samba, ile dawa ambayo wacheza ngoma hujipaka ili watazamaji wasibanduke. Akauliza nataka kumpaka nani. Nikasema televisheni. Akafikiri. Akasema hajawahi kusikia, ila haoni ubaya wowote.

Dawa yenyewe inataka asali, mizizi, na manyoya ya ndege yaliyochomwa. Mizizi haikupatikana, tukaweka sukari. Ndege hakupatikana, tukaongeza asali.

Nikajitolea kufagia bwalo. Tabia njema! Nimepaka nyuma ya televisheni, chini ya meza, kwenye pedi zote mbili. Kwenye vitundu vya mashine nimeingiza kwa kijiti, ndani kabisa, maana dawa ya juu juu haina nguvu. Iliyobaki nimeitia kwenye kopo na kuificha chini ya godoro langu.

Siku tatu tu, Martina!

Jumatano, 12 Juni

Wageni watatu. Mkubwa wao mama mmoja mwenye miwani na gauni la mikono mirefu. Donatus alitangulia, akasema maneno yale yale ya mjane, kwa sauti ya chini. Kisha mimi.

Nilisema vizuri! Hata sasa nikikumbuka najipa heko. Nilisema mfungwa ni mtu anayerudi nyumbani, na akirudi amesahau kucheka, watoto watamkimbia. Nilisema adhabu yetu ni huu ukuta, na ukuta unatosha. Nikasema mimi Jumamosi napokea wakwe, na ningependa wamkute mtu, si gogo. Yule mama akaandika kitu. Watu wakaanza kusogea upande wangu. Kumi. Ishirini. Arobaini na tano! Tuko themanini tu humu. Nilikuwa nimeshashinda. Mtu mwingine angekaa chini.

Nikasema, na sasa jionee mwenyewe, mama. Nikamkabidhi pedi, nikawasha mashine.

Mashine ikapata joto. Sisimizi wakaanza kutoka. Kwenye vitundu, kwenye televisheni, kwenye pedi, kwenye vidole vya mama, kisha ndani ya mkono wa gauni. Sijui walikuwa wanakaa wapi wote wale! Moshi ukafuka, mashine ikazima. Mama akairusha pedi, ikampata Afande Mwita kwenye kofia. Bwalo zima likakimbilia ukuta wa pili, alikosimama Donatus. Wa kwanza kufika alikuwa Makoye. Wa pili babu wa goti.

Kwa sheria za ngoma nimeshindwa sabini na nane kwa sifuri.

Alhamisi, 13 Juni

Asubuhi Afande Mwita alituuliza kwa upole sana nani alipaka kitu kile. Upole wake unatisha kuliko kelele. Kesho ndiyo siku yangu ya kutoka, nikaona heri nisaidie uchunguzi. Nikasema sipendi kumsema mtu, lakini asali humu wanaipata wenye madaraka, na nyapara ana madaraka.

Donatus alitazama chini tu. Nikajua nimemweza. Kumbe anatazama sisimizi! Mstari mmoja mweusi, umetoka bwaloni, umevuka uwanja. Afande akaufuata. Sisi tukamfuata Afande. Ukaingia bweni la pili, ukayapita magodoro tisa bila hata kupunguza mwendo, ukapotelea chini ya godoro la kumi. La kumi ni langu.

Nimenyang'anywa siku ishirini na moja za msamaha wangu. Kuharibu mali, na kumsingizia mwenzangu. Sasa natoka Ijumaa tarehe 5 Julai. Nilimwomba Afande anipe adhabu nyingine yoyote, nilime peke yangu eka nzima, ila kesho nitoke, ni mtoto wangu. Akasema na yeye ana binti. Akaandika vilevile.

Jumamosi, 15 Juni

Saa nne watakuwa wamefika. Saa saba watakuwa wanakula. Masele na suti yake.

Nilisimama katikati ya pamba nikashindwa kunyoosha mkono. Donatus alimaliza mstari wake, akaja akavuna na wangu. Sitaki huruma ya Bagalu. Lakini sikumfukuza.

Jumapili, 16 Juni

Nyamizi amekuja na Martina mwenyewe. Mambo yamekwenda salama, wakwe ni watu wa heshima. Waliuliza baba yuko wapi. Masele akawajibu kwamba yuko safari ya kikazi na amemwachia salamu. Masele! Mtu aliyenifunga kwa sababu ya kifusi amewadanganya wakwe kwa ajili yangu. Sijui niweke wapi uso.

Martina hakulia, ni mimi niliyelia, mbele ya watu wote. Harusi ni Jumamosi tarehe 6 Julai, siku moja baada ya kutoka kwangu. Matangazo ya kwanza kanisani yamesomwa leo. Aliniambia amechoka na baba mjanja, anataka baba aliyepo. Hata nikikaa kanisani kama gunia la mpunga, yeye inamtosha. Nikamshika mkono nikaahidi. Nilichoahidi nakitaka kwa moyo wote, Mungu ananiona.

Jumatatu, 17 Juni

Habari kubwa! Mafundi wa karakana wameifungua mashine wakaisafisha, na imewaka. Na mkoani wamekubali! Gemu itachezwa Jumapili alasiri, kwa waliomaliza kazi zao za wiki. Aliyewaandikia kuwaomba ni Donatus. Afande Mwita ametusomea barua yake mstarini. Donatus anasema yeye hatacheza tena kamwe. Siku ile alipofunga goli la nne alimsahau yule mtu aliyemuua, na hajioni kama ana ruhusa ya kumsahau. Lakini wenye vifungo vifupi wapewe, maana wao wana watu wanaowangoja.

Kumbe nyuma ya jiko hakuwa anacheka. Nimemfuata, nimempa mkono. Nilitaka kumwomba radhi, nikamwambia ana mkono mzuri wa pedi.

Mimi nimekatazwa kuisogelea mashine chini ya hatua ishirini. Sawa kabisa. Siku kumi na nane za kutulia. Gunia la mpunga.

Ila Jumapili hii bweni letu linacheza na bweni la kwanza, na nahodha wao anajitapa kwamba watazamaji wote watakaa kwao. Nimeongea na Makoye kidogo, kwa kuelimishana tu. Tumekubaliana kwamba dawa haikuwa na kasoro. Iliita umati na umati ukaja, umati ambao sijawahi kuuona kwenye ngoma yoyote. Makoye anasema manju akipaka samba hutaja anaowaita ni nani, nami sikutaja mtu. Safari hii nitataja watu. Asali analeta kesho. Kopo nitalizika uwanjani, hatua ishirini na moja kutoka kwenye mashine, nisije nikavunja amri ya Afande.