Heshima Ipigwe Marufuku kwenye Matanuri ya Matofali

Ndugu Mhariri,

Salamu kutoka Karatu, tuko wazima na vumbi letu. Nimeripoti habari za wilaya hii miaka mingi bila kulalamika. Leo nalalamika. Naomba gazeti lako lidai sheria ya kupiga marufuku heshima kwenye matanuri ya matofali. Sababu ni hizi:

1. Angelina, mama lishe wa sokoni, ameonywa na afisa afya kwamba moshi wake usipopungua kabla ya mwisho wa mwezi, mgahawa utafungwa. Mtafiti Nashilu, binti wa Ngorongoro, akamtengenezea kichocheo: vipande vya oksidi za shaba na manganizi, vya kuwekwa kwenye bomba la moshi ili gesi yenye sumu iungue kabla ya kutoka. Tanuri la umeme la chuoni kwao limekufa. Akamwomba Clemensi, mchoma matofali, amchomee kwa moto mdogo.

2. Clemensi akaona aibu mzigo wa mgeni ukae pembeni. Akauweka katikati kabisa, penye moto mkali kuliko wote, akaongeza kuni.

3. Kabla ya hapo alichanganya humo magadi ya Ziwa Eyasi, viive upesi, kama maharage ya mkewe. Nashilu anasema fuwele zilitakiwa zibaki ndogo, zenye vitundu vingi. Magadi yaliharibu mchanganyiko, moto ukazikuza fuwele zikashikana, vitundu vikaziba. Vipande vinang'aa na vinalia ukivigonga. Clemensi anavionyesha kwa majirani. Moshi unavipita bila hata kuvisalimu.

4. Shaba haina kosa. Manganizi hayana kosa. Moto ulifanya kazi yake. Mtuhumiwa aliyebaki ni heshima. Ikiachwa huru, kesho mgonjwa kutoka mbali atazidishiwa dawa, na mtalii aliyevuka bahari atasogezwa karibu zaidi na simba.

5. Kwa hiyo mgeni yeyote afikapo tanurini asikaribishwe, asipewe kiti, na mzigo wake utupwe mlangoni.

Wasalimie wote hapo chumba cha habari, pamoja na mlinzi wa getini anayenidhania fundi bomba.

Wako katika kazi,
Wilibrodi,
Karatu

Tanbihi: Barua hii ilichelewa mfukoni mwangu, tafadhali usiichapishe. Nilimshauri Clemensi ajaribu sheria yangu mapema. Fungu jipya, bila magadi, alilitupa mlangoni mwa tanuri bila kuliangalia. Halikuiva, lilimomonyoka mikononi mwa Nashilu. Fungu la tatu alilipanga mwenyewe, kati ya mlango na moto mkali, akalitoa mapema. Leo afisa afya amekagua bomba la Angelina, akanawa mikono, akaagiza wali maharage. Nikamuuliza Clemensi amefanyaje.

"Kaka, mgeni nilimheshimu tena," akasema. "Ila safari hii nilimpa chai. Sikumchinjia mbuzi."