Tegu wa Kwale na Kichwa cha Bata

Jumatatu, tarehe 6
Leo hata chai haikushuka. Shemeji, kaka wa mke wangu, kapewa mdudu! Daktari wa ndege kakuta mnyoo, tegu mgeni, tumboni mwa kanga wa Shemeji, hayumo vitabuni, kampa jina la Shemeji. Kwa kinyozi hakuna habari nyingine. Wananiuliza: na wewe mzee, mchinja kuku tangu ujana, mdudu wako yuko wapi? Mimi! Niliyepasua matumbo mengi kuliko hospitali nzima!

Jumanne, tarehe 7
Nimempelekea Daktari ndoo ya matumbo. Kasema, Babu, tegu hawa wote wana majina yao. Nikauliza anawajuaje. Eti kichwa kwanza: kina ndoano au hakina, zimepangwaje. Halafu pingili za mwili. Basi! Ndicho alichosomea miaka yote hiyo!

Jumatano, tarehe 8
Mteja kaleta kwale nimchinjie. Ndani, tegu mrefu, pingili pana, mzuri wa sura. Ila kichwa! Kipara, hakina hata ndoano. Kichwa cha aibu. Nikakikata, paka kala. Nikamvika kichwa cha tegu wa bata, chenye ndoano za kutosha, kwa gundi ya viatu. Nimetumia miwani na sindano ya mke wangu. Kauliza nafanya nini jikoni kwake. Nikasema sayansi. Kasema hiyo sayansi ioshe sahani yake.

Alhamisi, tarehe 9
Daktari kachungulia kwenye hadubini, kafuta kioo, kachungulia tena. Nikajua tayari! Nikamtajia jina langu na la baba, asije akakosea. Akasema kichwa ni cha bata, shingoni pana gundi, tena kimebandikwa kinyume. Nikasema huenda kazaliwa hivyo. Kacheka hadi machozi. Ghafla akaacha. Kauliza mwili nimeutoa wapi, maana pingili hizi hajapata kuziona. Kichwa chake kiko wapi? Nikasema kwa paka. Akashika kichwa chake mwenyewe. Kasema nikimpata mwingine nimlete mzima mzima, na jina ni langu.

Ijumaa, tarehe 10
Mteja kaleta kwale mwingine. Tegu ni wa aina ileile, yu hai! Shemeji kwisha habari yake! Nimemweka kwenye kisahani, nikamtazama vizuri. Kipara vilevile. Sasa jina langu likae juu ya kipara, watu wa kinyozi wanione vipi? Nimekikata. Cha bata nimeshakibandika, gundi inakauka dirishani. Safari hii ndoano zinatazama mbele.