Msimamizi wa Matawi

Jumatatu, 3 Machi
Toleo jipya la programu yetu limetoka! Kliniki ya meno imeanza kulitumia asubuhi. Bosi akasema sasa tusafishe matawi, yaani zile nakala tulizochipua pembeni wakati wa kazi: zinazofaa ziunganishwe na shina, ile nakala kuu; zilizokwisha zifutwe. Nani atasimamia? Niliinua mkono kabla ya Miwani, jirani yangu wa meza, anayejua kila kitu isipokuwa kunyamaza. Cheo! Mke wangu aliuliza kama nimehamia bustanini.

Jumanne, 4 Machi
Matawi kibao. Lipo “mwisho”. Lipo “mwisho_kabisa”. Lipo “mwisho_usiguse”. Nisiguse kwa nini? Miwani akadai mwandishi ni mimi. Uzushi! Nikaangalia. Ni mimi. Sikumbuki hata kidogo.

Jumatano, 5 Machi
Balaa. Kliniki imelalamika kwamba programu inawatumia watu ujumbe waje kung'oa meno yaliyokwisha kung'olewa. Nikarekebisha fasta kwenye tawi la toleo, lile linalotumiwa na kliniki. Peke yangu, kimyakimya. Chanda chema huvikwa pete, na chanda ni changu. Miwani akanishauri niyaingize marekebisho kwenye shina pia, la sivyo toleo lijalo litazaliwa na ugonjwa uleule. Wivu mtupu! Kwani shina na tawi si mti mmoja?

Ijumaa, 7 Machi
Nimepata dawa. Nimefuta kila tawi nisilolielewa. Yamebaki mawili. Hayo nayo siyaelewi vizuri, ila yana majina mazuri. Bosi kafurahi, akaagiza toleo dogo litolewe kutoka kwenye shina. Likatoka. Miwani alikuna kichwa tu. Raha iliyoje!

Jumatatu, 10 Machi
Siku ya nuksi. Simu ya kwanza ilikuwa ya mama mkwe. Ameitwa kliniki kung'olewa jino. Mama mkwe hana jino hata moja.
“Mkwe wangu,” akauliza, “wanataka kuning'oa nini? Ulimi?”
Nikamwambia asifungue mdomo mpaka nimpigie.
Nikakimbilia tawi la toleo kuchukua marekebisho yangu. Halipo! Nani kalifuta? Nimeangalia. Basi. Kliniki imefurika, bosi kasimama nyuma ya kiti changu, jasho linanitoka. Nikamwendea Miwani mikono nyuma. Kumbe alikuwa na nakala ya tawi lile kwenye kompyuta yake. Akaiunganisha na shina, na kliniki ikatulia. Hakunicheka. Imeniuma zaidi.

Jumanne, 11 Machi
Matawi kapewa Miwani. Hewala. Mimi nimekabidhiwa nakala za akiba, zile za kutuokoa mambo yakiharibika. Bosi alisema huko hakuna cha kufanya, nitazame tu. Nimetazama. Fujo tupu! Zimejaa mpaka kwenye dari, na zote zinafanana kama pacha. Watu hawa wanaishije hivi?
Kesho naanza kusafisha.