Masharubu ya Mkaa

Leo nimejivunjia heshima kwa mkono wangu mwenyewe. Naandika mapema, kabla hamjasikia kwa wengine.

Mnajua niliacha kuandika vibao vya hoteli kule Ambondrona, kisiwani Nosy Be, nikaja Mahajanga kusoma kozi ya mwanzo ya uchoraji. Vijana darasani wananiita Tonton, yaani mjomba. (Kilichokaribia umri wangu mle ndani ni kiti changu.) Leo kila mtu alichora uso wake kwa mkaa, akijitazama kiooni. Kwa sisi tusio na cheti cha shule, yaani mimi, picha hiyo ndiyo ingeamua: kuendelea na chuo, au kurudi kwenye vibao.

"Chora unachokiona, si unachokijua," alisema Madamu, mwalimu wetu. (Nawatafsiria. Darasani ni Kifaransa na Kimalagasi.)

Nikatii. Nilifunga nyuzi juu ya kioo zikafanya miraba, nikachora mraba mmoja mmoja, nikifunika uliokwisha usichafuke. Ndivyo nilivyojifunza peke yangu kukuza picha za vibao. Palipokuwa na weusi niliweka weusi. Adhuhuri nikatoka, nikatia udhu, nikaswali. Niliporudi nikaifunua picha.

Ilikuwa na masharubu.

Mimi sina masharubu! Nanyoa kila asubuhi. Haya yalikuwa mazito, upande mmoja umepinda juu kama mkia wa nge.

"Nani amechezea kazi yangu?"

Wakainamia karatasi zao.

"Nimeacha mke na kazi Nosy Be, ninyi mnanichorea masharubu?"

Nikashika kifutio, nikayafuta yote.

Lalao, binti anayekaa nyuma yangu, akainua mkono taratibu. "Tonton, usikasirike. Yalikuwa usoni kwako."

"Yapi?"

"Masharubu. Ulijipangusa jasho kwa mkono wenye mkaa. Tangu asubuhi."

"Na hamkuniambia?"

"Tuliona haya. Wewe ni mkubwa wetu."

"Halafu yalikupendeza!" akapaza sauti mwingine. Darasa zima likaangua kicheko.

Madamu hakucheka. Aliutazama mdomo niliousugua pichani. "Hapa ndipo palipokuwa pazuri kuliko pote. Ulichora unachokiona, ukafuta kwa sababu ya unachokijua." Akanipa kipande cha mkaa. "Yarudishe."

"Kwenye karatasi?"

"Usoni kwanza. Utachoraje usichokiona?"

Nikawaomba vijana radhi. Kisha nikajipaka, mbele ya wote, Lalao akinielekeza: "Kushoto juu kidogo, Tonton. Hapo hapo." Nikakaa, nikachora upya, uso mzito kama wa kadhi anayetoa hukumu.

Nimepita.

Kwa furaha nikampigia mke wangu simu ya video, hapo hapo mlangoni. Akasogeza uso karibu na simu.

"Bwana," akasema, "mrudishie mume wangu simu yake."

Basi, nawasihi: mkimwona mtu mzima ana mkaa usoni, mwambieni. Heshima ifuate baadaye.