Dawa ya Mifupa ya Mzee Mmanga

Nyange alikuwa hajamaliza kikombe cha kahawa pale mgahawani Mtambile alipolisikia neno lililomfanya akae vizuri. Wachumaji wawili wa karafuu walikuwa wakimsema Mzee Mmanga, mwenye shamba la kule juu: eti kateleza kwenye kizingiti cha mlango wake mwenyewe, akajishika ukutani, na mkono ukavunjika.

"Daktari kamwambia ni sukari," alisema mmoja. "Ikikaa mwilini miaka, mfupa hukosa nguvu, na ukivunjika hauungi upesi. Kakatazwa halua, na kila asubuhi hudungwa sindano."

"Lipi linamuuma zaidi?"

"Halua, yakhe! Sindano kaizoea."

Ulikuwa mwaka wa hamsini na tisa, na wanasiasa walikuwa wakipita vijijini kuuza maneno. Nyange, mtu wa Unguja mwenye kanzu safi na ulimi laini, hakuona kwa nini yeye asiuze mifupa. Tajiri mwenye uchu wa halua! Alimshukuru Mola kwa dhati, kama inavyompasa kila laghai mwenye adabu, akaenda kununua kuku.

Baada ya siku tatu alibisha hodi kwa Mzee Mmanga akiwa na chupa mbili. Mke wa mzee, Bi Moza, mwanamke mfupi asiye na maneno mengi, alimkaribisha vizuri, kisha akarudi kwenye mkeka wake kukata maembe ya achari.

"Mzee wangu," Nyange alianza, kwa sauti ya mtu aliyekuja kutoa rambirambi, "kwenye chupa hii nimetia mfupa wa kuku na maji ya sukari. Siku tatu tu. Tazama."

Akautoa, akaupinda kwa vidole viwili. Mzee Mmanga aliukumbatia mkono wake uliofungwa bandeji.

"La ilaha illa llah! Ndo wangu mie huu?"

"Ndio wako. Na huu umelala kwenye dawa yangu." Mfupa wa pili akaugonga mezani, ukalia ko, ko. "Mimi mwenyewe nilikuwa na sukari miaka saba. Leo nikianguka toka kileleni mwa mkarafuu, nainuka, nakung'uta kanzu, nakwenda zangu."

"Na halua?"

"Unakula, mzee. Sindano unaitupa."

Hapo kisu cha Bi Moza kilisimama.

"Aitupe? Daktari kasema akiiacha, mwezi hauishi tutamzika."

"Daktari ni wa sindano, bibi. Mimi ni wa mifupa."

Bei yake ilikuwa magunia mawili ya karafuu. Mzee Mmanga alikubali kabla sentensi haijaisha. Macho yalimlowa kwa furaha. Bi Moza aliomba aushike ule mfupa laini, akausogeza puani kidogo, akaurudisha.

"Basi tunainunua," alisema. "Ila karafuu kavu zote tushauza, zilobaki zi mtini. Njoo kesho asubuhi uchume zako. Mwenye mifupa kama yako haogopi mkarafuu."

Nyange aliogopa hata kupanda kitanda kirefu. Lakini angesemaje, baada ya maneno aliyoyasema? Isitoshe, magunia mawili ni magunia mawili. Alikubali huku akitabasamu.

Asubuhi walimwegemezea ngazi kwenye mkarafuu mrefu kuliko yote. Alipanda macho yamefumbwa, akisoma kila dua aliyofundishwa kwenye chuo cha Kurani na mbili alizozitunga papo hapo. Alipofika juu na kukumbatia shina, alisikia ngazi ikiburutwa.

"Bi Moza! Ngazi!"

"Ngazi ya nini, mwanangu? Ruka."

Akafumbua macho. Chini walikuwa wamejaa wachumaji, na katikati yao Mzee Mmanga kwenye kiti, sahani ya halua mapajani, bomba la sindano kwenye kibakuli kando yake.

"Mume wangu anataka aone kwanza, ndo aitupe sindano," alisema Bi Moza.

"Ruka, baba!" Mzee Mmanga alihimiza, kidole tayari kimeshazama kwenye halua. "Ruka nile!"

Tawi alilokanyaga likatoa mlio. Matawi ya mkarafuu hayana subira, kila mchumaji anajua, na sasa Nyange naye alijua.

"Siruki! Mifupa yangu ya kawaida! Nitavunjika!"

"Na ule mfupa laini?"

"Niliutia kwenye siki, bibi! Siki tupu!"

"Na dawa?"

"Maji ya kisima na mdalasini! Jamani, ngazi!"

Wachumaji walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mzee Mmanga hakucheka. Alikitoa kidole kwenye halua, akakitazama, akakipangusa kwenye kanzu polepole. Aibu ilimjaa uso mzima.

"Moza, uliyajua haya?"

"Miaka thalathini natengeza achari, nisiijue siki? Lakini mie ungenambia nna wivu na halua yako. N'litaka uyasikie kwa mwenyewe."

"Ningekufa, Moza."

"Ungekufa umeshiba."

Mzee aliwapa wachumaji sahani, akakunja mkono wa kanzu. Bi Moza alilichukua bomba. Kutoka juu Nyange alimwona akimshika mumewe bega na kujaribu mara mbili ndipo sindano ikaingia, na hapo akaelewa kwamba mwanamke yule hakulala usiku kucha kwa hofu ya kumpoteza mumewe. Alikuwa ametapeli watu katika miji mitatu bila moyo kumuuma. Asubuhi hii aliona haya, na haikuwa kwa sababu ya kanzu yake iliyochanika matawini.

"Bi Moza," aliita kwa sauti ndogo, "nisamehe. Niteremshie ngazi, niende zangu."

Bi Moza aliipangusa sindano, akaifunika, kisha akamtazama.

"Nshakusamehe. Lakini tawi la kulia bado, la kushoto bado, mwanangu, na kile kilele bado. Hapa kwetu hateremki mtu na karafuu zimebaki mtini."

Akamrushia pakacha la kuchumia.