Viti Kumi na Viwili

Jumapili, 4 Mei

Barua ya halmashauri imefika. Wana mpango wa kufufua katikati ya mji. Alhamisi mhandisi wao, Bi Suhad, atapita Mtaa wa Wafua Bati kukagua duka moja moja. Duka hai litapata leseni mpya na taa ya mlangoni. Duka mfu, leseni haifanywi upya, nafasi anapewa mwingine. Mfu! Mkahawa wa marehemu baba, miaka arobaini na moja!

Naogopa, sifichi. Viti vyangu kumi na viwili vina vumbi. Hakuna anayeketi hapa. Tangu asubuhi mimi niko njiani na sinia, chai kwa fundi saa, chai kwa kinyozi, chai kwa muuza vitambaa. Wanywaji ninao, ila kila mmoja anakunywa dukani kwake. Mhandisi ataona nini? Ukuta na birika.

Abu Jiryis wa mkabala, yule mwenye mashine ya kahawa inayopiga mluzi, leo alikuwa na wateja saba wameketi. Nimewahesabu mara mbili.

Jumatatu, 5 Mei

Akili ni mali. Nimewaandikia halmashauri barua isiyo na jina. Mashine ya Abu Jiryis inawatoa watu roho kwa kelele, na viti vyake vimemeza njia ya waendao kwa miguu. Nimetia saini: Mpenda Mji.

Mke wangu, Umm Shibli, kaisoma. Kauliza mbona Mpenda Mji ana alama ya duara la glasi ya chai na jani la nanaa kwenye karatasi yake. Nikamjibu mji mzima unakunywa chai. Akasema naam, na mtaa mzima unakunywa yako wewe, bwana mwerevu, si umwambie mhandisi hivyo hivyo? Eti ukweli mtupu! Huyu mwanamke hajui mipango. Barua imekwenda.

Jumatano, 7 Mei

Nimezunguka kwa ukoo mzima. Kesho waje waketi, wanywe, wacheke kwa sauti. Nimewaahidi mansaf, wali na kondoo mzima. Wamekubali haraka mno.

Tatizo ni glasi. Zangu zote zimelala madukani, kama kawaida. Nimewatangazia wenye maduka kwamba sileti chai hadi nitakapowaambia, na kwamba nazitaka glasi zangu leo. Kinyozi akaniuliza kama nina homa. Hakuna aliyerudisha hata moja. Tutatumia makopo ya jemu.

Alhamisi, 8 Mei

Nimekwisha.

Walikuja thelathini na mmoja. Viti kumi na viwili! Mjomba Fawwaz kaketi juu ya gunia la sukari, binamu wawili wako dirishani, miguu nje. Bi Suhad alishindwa kupita mlangoni. Akanikumbusha kwa upole kwamba leseni yangu ni ya watu kumi na wawili. Kisha akamuuliza Mjomba huwa anakuja mara ngapi. Nilimkonyeza Mjomba. Nilimkonyeza mpaka jicho likauma. Akajibu, "Binti yangu, tangu mazishi ya baba yake sijakanyaga hapa. Tumeambiwa kuna mansaf."

Bi Suhad akaandika. Akaandika kwa muda mrefu. Jumapili naitwa mbele ya kamati. Nikamwona Abu Jiryis mlangoni kwake, ananitazama kwa huruma. Huruma! Bora angecheka.

Jumamosi, 10 Mei

Sijala. Mansaf iliisha yote juzi, hata mfupa sikuachiwa. Umm Shibli ametoka tangu asubuhi, hataki kusema aendako. Nimefuta viti vyote kumi na viwili, kimoja kimoja, nikamwomba baba radhi.

Jumapili, 11 Mei

Alhamdulillahi! Alhamdulillahi mara elfu!

Niliingia kwenye kamati. Juu ya meza, barua ya Mpenda Mji, duara lake linang'aa. Bi Suhad akauliza nina wateja wangapi kwa siku. Nilikuwa nimeshafungua kinywa kuapa uongo, mlango ukafunguliwa. Mtaa mzima! Fundi saa, muuza vitambaa, kinyozi, na nyuma yao Umm Shibli. Kila mmoja kashika glasi zangu. Wakazipanga mbele ya kamati hadi meza ikajaa.

Kinyozi akawaambia tangu Jumatano hakuna chai, mkono wake unatetemeka, ameshamkata mtu sikio. Fundi saa akasema, "Mnataka kufufua mtaa? Mrudishieni huyu sinia lake, basi!" Mwisho akasogea Abu Jiryis, macho darini, akatoa glasi mbili mfukoni. Akanong'ona kwamba kahawa ya mashine ni ya wageni, yeye mwenyewe haimpandi, chai yangu huichukua kwa kinyozi.

Kamati ilicheka mpaka mwenyekiti akavua miwani. Bi Suhad akasema mtu angemwambia tangu mwanzo asingehangaika. Akaandika: duka hai. Nililia mbele za watu, wala sioni haya. Nilihisi kama nimevuliwa kiatu kinachobana tangu wiki iliyopita.

Njiani Abu Jiryis akanishika bega. Akaniambia, "Ndugu yangu Mpenda Mji, siku nyingine uweke kisahani." Tukakumbatiana. Nimeapa mbele ya mke wangu: mipango basi.

Jumatatu, 12 Mei

Nimelala kama mtoto. Leseni iko ukutani, chini ya picha ya baba. Sinia limezunguka mtaa mara nne kabla ya adhuhuri.

Mafundi wamekuja kufunga taa za mlangoni. Ya Abu Jiryis imezidi yangu kwa upana wa kiganja. Nimepima.

Nimewaandikia halmashauri. Karatasi safi, mikono nimenawa. Saini: Mpenda Haki. Upepo ulikuwa mkali, nikaikandamiza kwa glasi ya chai isipeperuke. Abu Jiryis anakwenda huko saa nane, nimempa bahasha anipelekee. Jirani mwema sana yule.